Mizinga ya ngozi ya mfalme wa Sweden: ngozi ilikuwa na kazi gani?

Mwalimu mmoja wa historia aliyeko Tanga ameniandikia swali ambalo nalifupisha hivi: "Vitabu ninavyofundishia vinasema mfalme Gustav Adolf wa Sweden alikuwa na mizinga ya ngozi, myepesi kiasi cha kuvutwa na farasi mmoja, na kwamba ndiyo iliyompa ushindi wa Breitenfeld mwaka 1631. Wanafunzi wangu hawakubali. Wananiuliza ngozi itahimili vipi baruti, nami sina la kuwajibu. Na kama mizinga ile ilikuwa mizuri hivyo, mbona haikudumu?"

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kukataa, na ninafurahi kwamba wamekataa. Ngozi haikuhimili baruti hata siku moja. Kilichohimili, pale kilipohimili, ni shaba na chuma vilivyofichwa ndani yake. Habari ya Breitenfeld, huko Ujerumani, nayo ina kasoro: mizinga ya ngozi ilikuwa kweli ya jeshi la Sweden, lakini ilitumika katika vita na Poland kabla ya hapo, na kufikia 1631 ilikuwa imekwisha wekwa kando. Iliyofyatuliwa Breitenfeld ni mizinga mingine. Lakini sitaki uishie kuwaambia wanafunzi kuwa kitabu kimekosea, kwa sababu mizinga ya ngozi ni moja ya majaribio ninayoyapenda sana katika historia ya silaha. Inaonyesha vizuri kwa nini mzinga unakuwa mzito.

Kwanza, hitaji lenyewe. Kiswahili kina neno moja, mzinga, kwa kitu cha nyuki na kitu cha vita: vyote ni gogo lenye uwazi. Mzinga wa vita wa miaka ya 1600 ulisubiwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, au kwa chuma, na ulikuwa na kuta nene kupindukia. Aliyewahi kusimama mbele ya Beit el-Ajaib, Unguja, akaitazama ile mizinga miwili ya shaba ya Wareno, ameona ninachosema. Mzinga mkubwa wa kubomolea ngome ulikuwa na uzito wa tani kadhaa na ulihitaji farasi 20 au zaidi kuuvuta, na hapo barabara iwe kavu. Uwanjani uliwekwa mahali pake asubuhi, na hapo ndipo ulipobaki mpaka jioni. Jeshi likisonga mbele, liliuacha nyuma. Jeshi likirudi nyuma, liliuacha kwa adui.

Kwa Sweden jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Mwaka 1605, huko Kircholm karibu na Riga, baba yake Gustav Adolf, mfalme Karl wa 9, alikuwa na askari wapatao 11,000. Wapoland na Walituania waliomkabili hawakufika 4,000, lakini askari wao wa farasi wenye mikuki mirefu walilivunja jeshi lake na kulichinja. Askari wa miguu wa Sweden walikuwa hawana nguvu ya kuwazuia farasi wale wakishaanza kuja kwa kasi. Gustav Adolf alirithi kiti mwaka 1611, akiwa na umri wa miaka 16, na akarithi na ugomvi huo. Alipoipeleka vita Prussia, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Poland, mwaka 1626, kwenye tambarare na matope ya mto Vistula, alikuwa anatafuta njia ya kuwapa askari wake wa miguu mzinga wa kwenda nao, unaoweza kusukumwa na watu wachache, kugeuzwa upesi, na kupiga rundo la risasi ndogo usoni mwa farasi walio karibu.

Hapo ndipo anapoingia Melchior Wurmbrand, ofisa aliyetoka Austria na kuingia utumishi wa Sweden, ambaye jina lake ndilo linalotajwa zaidi kwa mizinga ya ngozi ya Sweden. Yupo na mwingine, Mskoti Robert Scott, aliyedai kuwa wazo ni lake. Zürich, Uswisi, nako walikuwa na mizinga ya aina hiyo miaka hiyohiyo. Nadhani hakuna haja ya kumpa mtu mmoja heshima yote. Majeshi mengi yaliumia kwa uzito uleule, na mafundi wengi walikuwa na shaba, kamba na ngozi mikononi.

Sasa tuupasue mzinga wenyewe, kutoka ndani kwenda nje. Katikati kuna kasiba, yaani bomba la kupitishia risasi, ya shaba nyembamba. Sweden haikukosa shaba, maana mgodi wa Falun ulikuwa mkubwa kuliko yote Ulaya wakati huo na ndio uliolisha hazina ya mfalme. Kasiba hiyo ilivishwa pete na vipande vya chuma, hasa upande wa nyuma pale baruti inapolipukia. Juu yake zikazungushwa kamba, tabaka juu ya tabaka, zimebanwa sana na kushikanishwa kwa vitu vya kunata. Mwisho kabisa ndiyo ngozi.

Ngozi ilivishwa ikiwa imelowa. Aliyewahi kukaa na fundi ngoma anajua kinachofuata. Nilipokuwa mdogo nilimtazama mzee mmoja akiwamba ngozi ya ng'ombe juu ya mdomo wa ngoma: ilikuwa imelala kwenye beseni la maji usiku kucha, inateleza kama utumbo, naye anaivuta kwa meno na vidole na kuipigilia vigingi. Wakati huo ukiigonga haisemi kitu. Jua likaipiga siku mbili, ikasinyaa, na vigingi vilivyokuwa vimesimama wima vikawa vimeinama kuelekea juu. Nguvu ile ya kusinyaa ni ya kweli. Ukiiona unaweza kabisa kuamini kwamba ngozi ikiwambwa juu ya bomba itaukaba mlipuko usitoke.

Wala watu wa zama zile hawakuwa wajinga kuiamini ngozi. Askari walivaa makoti ya ngozi nene yaliyoweza kuzuia upanga. Mfalme mwenyewe, baada ya kupigwa risasi karibu na shingo huko Dirschau mwaka 1627, hakuweza tena kuvaa deraya ya chuma kwa maumivu, akawa anavaa koti la ngozi ya elki, paa mkubwa wa misitu ya kaskazini. Alikufa akiwa amevaa koti hilo, Lützen, Novemba 1632, na limehifadhiwa Stockholm mpaka leo, matundu yake yakiwa wazi kwa kila anayelitazama.

Matokeo ya kazi yote hii yalikuwa mzinga ambao kasiba yake, bila kigari, mara nyingi hutajwa kuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Watu wawili wanaibeba. Mfalme aliyezoea kuhesabu farasi kwa makumi akionyeshwa kitu hicho, ungetaka aseme hapana?

Kasoro zake ziko tatu, na kila moja inafaa kuonyeshwa darasani.

Ya kwanza ni kwamba ngozi ilikuwa haifanyi kazi iliyodhaniwa. Fanya jaribio hili, Mwalimu. Chukua waya mwembamba na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, vyote vya urefu mmoja, uvifunge pamoja kwenye mpini wa ndoo. Kisha ijaze ndoo mchanga kidogo kidogo. Utaona waya umekazika kabisa na mpira haujastuka, kwa sababu mpira hauwezi kuvuta mpaka kwanza urefuke, na waya hauuruhusu urefuke. Uzito wote unabebwa na waya. Siku waya unapokatika ndipo mpira unapoanza kazi, na ndoo imeshaanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa shaba na ngozi. Baruti inapolipuka, kasiba inataka kuvimba. Shaba ikivimba kiasi kidogo sana imekwisha haribika, lakini kwa ngozi na kamba kiasi hicho si kitu, bado hazijaanza hata kuvuta. Pete za chuma ndizo zilizosaidia, kwa kuwa chuma ni kigumu kuliko shaba, na hubeba mzigo kabla shaba haijapita kiasi. Ngozi ilishikilia kamba zisifumuke na maji ya mvua yasiingie. Zaidi ya hapo ilikuwa vazi.

Ya pili ni joto, na hii ndiyo iliyoumaliza mzinga huu. Kila baruti inapowaka ndani ya kasiba huacha joto kwenye kuta zake. Katika mzinga mnene wa bronzi joto lile linasambaa ndani ya bronzi nyingi, na kwa nje linapozwa na hewa. Tuseme mzinga mmoja una kilo 120 za bronzi na mwingine una kilo 15 tu za shaba ndani ya vazi lake: joto lilelile litaupandisha wa pili mara nane zaidi. Halafu huo wa pili umefungwa kamba na ngozi kila upande, kama chungu cha wali kilichofunikwa blanketi ili kisipoe. Joto linaingia kwa kila mlio na halina pa kutokea. Baada ya milio michache ya kufuatana, shaba inaanza kulainika. Fundi yeyote wa shaba analijua hilo, maana ndivyo anavyoilainisha shaba anapotaka kuikunja: anaitia motoni. Sasa kasiba iliyolainika inavimba, tundu linakuwa kubwa kuliko tufe, yaani risasi ya duara ya mzinga, pumzi ya baruti inapenya pembeni na shabaha inaharibika. Ukiendelea, inapasuka.

Kuna hatari nyingine ndani ya joto hilo, nayo namwonea huruma sana mtu mmoja: yule anayepakia. Hebu mtazame. Mzinga umeshalia. Anatumbukiza fimbo yenye kitambaa kilicholowa kufuta mabaki yanayowaka, anachota baruti kwa kijiko kirefu cha shaba, anaiingiza mpaka mwisho wa kasiba, anaigeuza imwagike, anatoa kijiko, anashindilia kwa mti. Wakati wote huo mikono yake na uso wake viko mbele ya mdomo wa mzinga. Kasiba ikiwa ya moto kupita kiasi, baruti haingojei utambi. Inawaka yenyewe, naye bado ameshika mti. Mpigaji aliyekwisha kuona jambo hilo likimpata mwenzake hatakubali kupakia upesi tena, na mzinga mwepesi usiopakiwa upesi hauna faida.

Ya tatu ni teke. Tufe la ratili 3 za Sweden, ambalo ni kilo 1.3 hivi na ukubwa wa chungwa, likitoka kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde, mzinga unarudi nyuma kwa msukumo uleule. Ikiwa mzinga pamoja na kigari chake una kilo 280, unarudi kwa kasi ya takriban mita 1.4 kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea. Ikiwa una kilo 100, unarudi kwa karibu mita 4 kwa sekunde, sawa na mtu anayekimbia. Magurudumu na ekseli ya mti havivumilii hivyo kwa muda mrefu. Dawa yake ni kupunguza baruti, na ndivyo walivyolazimika kufanya kwa ajili ya kasiba pia. Lakini ukipunguza baruti umepunguza na umbali na nguvu ya tufe. Mizinga ya ngozi ikaishia kuwa silaha ya kupiga karibu, kwa risasi ndogondogo zilizorundikwa pamoja.

Ukiyaweka pamoja haya, Mwalimu, utaona uzito wa mzinga ulivyokuwa na kazi. Unene uleule uliowachosha farasi ndio ulioubana mlipuko, ulioyameza joto na uliolizuia teke. Wurmbrand aliupunguza uzito kabla hajapata kitu kingine cha kufanya kazi hizo tatu.

Mizinga hii ilitumika Prussia kuanzia 1627 hadi 1629. Baadhi iliangukia mikononi mwa Wapoland. Baada ya mapatano ya Altmark ya Septemba 1629 vita ile ilisimama, na mfalme alipovuka bahari kuingia Ujerumani mwaka 1630 alikuwa ameshabadilisha mawazo. Hapa ndipo ninapomsifu. Angeweza kuyaacha mambo ya mzinga mwepesi kabisa, akasema tumejaribu na imeshindikana. Au angeng'ang'ania ngozi kwa kuwa imegharimiwa. Badala yake alishikilia shabaha yake ya kuwa na mzinga unaokwenda na askari wa miguu, akabadilisha njia ya kuufikia.

Njia yenyewe ilikuwa kurudi kwenye bronzi ya kusubu, lakini kwa mzinga mfupi, wa tufe la ratili 3, uliopimiwa baruti kidogo tangu ulipochorwa. Kwa kuwa baruti ni kidogo, kuta zikaweza kuwa nyembamba kuliko za mizinga ya kawaida, bila kuwa nyembamba kama za Wurmbrand. Pamoja na kigari chake ulikuwa chini ya kilo 300. Farasi mmoja aliuvuta safarini, na uwanjani watu wachache waliusukuma wenyewe.

Jambo jingine lililofanyika linapita bila kutajwa katika vitabu vingi, nami naliona kubwa kuliko hata kasiba. Baruti na tufe viliunganishwa kuwa kifurushi kimoja, kimepimwa na kufungwa tayari kabla ya vita. Rudi kwa yule mpakiaji wetu na kijiko chake kirefu. Sasa hana kijiko. Hachoti, hapimi, hamwagi baruti chini mikono ikitetemeka. Anaingiza kifurushi kimoja, anakishindilia, anaondoka mbele ya mdomo. Mizinga hii iliweza kupiga kwa kasi isiyopungua ile ya askari wa bunduki, jambo ambalo mizinga mikubwa haikukaribia. Kipimo cha baruti nacho hakizidi kwa bahati mbaya, kwa hiyo mchora mzinga anaweza kuthubutu kupunguza unene akijua hakuna atakayemwaga kijiko cha ziada. Kifurushi ndicho kilichoruhusu kasiba iwe nyepesi.

Mizinga hiyo iligawiwa kwa rejimenti, ikawa mali ya askari wa miguu wenyewe, na kwa sababu hiyo ikaitwa mizinga ya rejimenti. Ndiyo iliyokuwa Breitenfeld, kaskazini ya Leipzig, tarehe 17 Septemba 1631, zaidi ya 40, chini ya kijana Lennart Torstensson aliyesimamia mizinga ya mfalme. Upande wa pili Tilly, jemadari wa mfalme mkuu wa Ujerumani, alikuwa na mizinga mizito iliyopangwa mbele ya jeshi lake. Wasaksoni, washirika wa Sweden, walikimbia mapema, ubavu wa kushoto wa Wasweden ukabaki wazi, na askari wa Tilly wakaugeukia. Gustaf Horn aliyeshika ubavu huo akageuza vikosi vyake kuwakabili. Askari wa miguu wa Tilly walikuwa wamesongamana katika vikosi vikubwa vya mraba, na mizinga midogo ikawapiga kutoka karibu. Mfalme naye akaongoza farasi zake kuikamata ile mizinga mizito ya Tilly pale ilipokuwa imeachwa, kwa kuwa wenyewe walishasonga mbele na haikuweza kuwafuata. Ikageuzwa, ikawapiga waliokuja nayo.

Ndiyo maana naelewa waandishi walivyochanganya. Mfalme ni yuleyule, farasi ni mmoja, ratili ni 3, na kati ya mzinga mmoja na mwingine ni miaka miwili tu. Hadithi ya ngozi inavutia kuliko hadithi ya kifurushi, basi ikahamishwa ikawekwa Breitenfeld. Mzinga wa rejimenti, usio na mvuto huo, ndio uliozaa watoto. Majeshi ya Ulaya yaliuiga, na katika karne iliyofuata Wafaransa walikuwa na mzinga wa ratili 4 wa kuandamana na askari wa miguu, nao waliuita "wa Kisweden".

Ngozi nayo haikufa papo hapo. Maofisa wengi wa Kiskoti walikuwa wametumikia Sweden, na waliporudi kwao walirudi na wazo hilo. Mmoja wao, Alexander Hamilton, alitengeneza mizinga myepesi iliyotumiwa na Waskoti walipovuka mto Tyne huko Newburn, Agosti 1640. James Wemyss, mpwa wa Robert Scott, alikuwa na mizinga ya ngozi katika jeshi la Bunge la Uingereza, lililokuwa likipigana na mfalme wa huko. Huko Cropredy Bridge, Juni 1644, alikamatwa pamoja na mizinga 11, na miongoni mwa vilivyotekwa mlikuwa na vizuizi viwili vya mbao vyenye magurudumu, kila kimoja kimebeba mizinga saba midogo ya shaba na ngozi. Na mwaka 1689, huko Killiecrankie, jenerali Mackay alipanda milima ya Skotlandi na mizinga mitatu ya ngozi. Ilipofyatuliwa mara ya tatu, vigari vyake vikavunjika.

Ukipenda wanafunzi waone kitu chenyewe, mizinga ya ngozi ipo katika jumba la makumbusho ya jeshi, Stockholm, na picha zake si ngumu kupatikana. Waonyeshe mdomo kwanza, walinganishe unene wa shaba na unene wa vitu vilivyoizunguka.

Robert Scott aliondoka Sweden, akatumikia Denmark, kisha akahamia Uingereza na kufia huko. Alizikwa katika kanisa la St Mary, Lambeth, ng'ambo ya mto kutoka bunge la London, na kaburi lake lina sanamu yake na maandishi ya kusema kwamba yeye ndiye aliyebuni mizinga ya ngozi na kumpelekea mfalme wa Sweden watu 200. Mwaka uliochongwa hapo ni 1631, ule ule wa Breitenfeld.